Chubwi za Dionisi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga Ignas alipoegesha baiskeli karibu na kivuko cha zamani, pale pantoni ilipokuwa ikivusha watu kabla daraja halijajengwa. Alikuja kuchukua nyavu za shemeji yake, Dionisi. Ungemwona ungedhani anafuata kitoweo tu.

Lakini mkono ulikuwa mfukoni, umeishika rozari, na rozari imelowa jasho. Maana Ignas alikuwa ameiba. Na siku tatu nzima alijua alichokiiba, akanyamaza.

Ilikuwa hivi. Nje ya mji kulikuwa na nyumba ya mbung'o. Zamani wataalamu waliwafuga humo mbung'o kwa maelfu, wakiwalisha damu, kisha wanawapiga mionzi wasizae tena. Nyumba ikafungwa, ikaoza. Mwaka huu ikaja amri ya kuibomoa, na injinia Agnella akaja na mpango wake: chumba hiki kioshwe kwanza, ukuta ule ukatwe vipande vipande, kifusi chenye sumu kiingie kwenye mapipa ya njano, mapipa yasubiri gari la kuyapeleka mbali. Mtu asitoke hata na msumari.

Ignas, kibarua wa humo, akatoka na tofali la risasi, lile madini zito la kuzuia mionzi, ndani ya koti, akampelekea shemeji yake.

Mvuvi akipata risasi hulala akicheka. Dionisi aliiyeyusha kwenye kopo la rangi, akaikatakata, akavikunja vipande kwenye kamba ili vizamishe wavu. Hizo ndizo chubwi. Na chubwi, kwa wavuvi wa mto huu, hazibanwi kwa koleo. Hubanwa kwa meno. Moja baada ya nyingine.

Jumatatu Agnella aliwakusanya vibarua. "Risasi yenyewe haina kosa, jamani," alisema. "Ila chombo cha mionzi kilivuja, vumbi lake likaganda juu ya kila kitu. Na uchafu huu haufi. Ukiuchoma haufi, ukiuosha haufi. Unahama tu."

Ignas akakifikiria kibarua chake. Akanyamaza. Jumanne pia. Jumatano jioni dada yake Levina, mke wa Dionisi, akapiga simu kutoka kwake Lipangalala. Levina mwenye mimba ya miezi saba, ambaye kitoweo chake ni samaki wa nyavu zile zile.

"Kaka, mume wangu huko kambi ya wavuvi meno matatu yamemng'oka. Kamwangalie."

Basi Alhamisi hiyo ndiyo akaenda.

Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Si ya samaki waliooza, hiyo aliizoea. Hii ilikuwa tamu... kama maziwa yaliyoungulia juu ya kidonda.

Dionisi alikuwa ameketi kibandani, midomo imevimba.

"Karibu, mzee wa kanisa. Umekuja kunizika?"

Akacheka, akatema kwenye kikombe. Damu, na kitu cheupe. Fizi zilining'inia kama nyama iliyopikwa ikapitiliza.

"Nimerogwa, shemeji," alinong'ona. "Tangu nifunge zile chubwi, wavu unajaa wenyewe. Lakini ona."

Akafunua kapu. Kambale. Walikuwa hai bado, wanapumua... na ngozi inawavuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Macho meupe.

"Levina amewala?"

"Nilimpelekea juzi. Alitapika kwa harufu tu, akawatupa."

Ignas akapiga ishara ya msalaba. "Nyavu ziko wapi?"

"Kwenye miti ya kuanikia. Ila subiri kwanza. Bado anakula."

"Nani?"

"Bibi. Huja jua likizama."

Ignas hakusubiri. Alizunguka kibanda.

Zzzzzz...

Mwanamke alichuchumaa chini ya nyavu, amempa mgongo, amevaa koti la kijivu. Koti lile lilikuwa linatembea.

Halikuwa koti. Walikuwa mbung'o.

Alikuwa akilamba. Anachukua chubwi, anaitia kinywani, anaifyonza kama mtu anayefyonza mfupa wa supu, anaiachia, anashika nyingine. Mate ya kijivu yalimchuruzika mpaka kiwikoni. Akayalamba nayo.

"Shi... shikamoo," Ignas alijikuta akisema. Malezi ni malezi.

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Wewe ndiye uliyenipakulia?"

Ignas alirudi hatua moja nyuma.

"Nimeshiba. Walitunyima kuzaa, unajua? Sasa nimeshiba."

Mbung'o wakaruka wote kwa pamoja, wakivuma. Walipotawanyika, palikuwa patupu. Nyavu tu, zinadondosha mate.

Alizisukumiza nyavu kwenye kiroba, akaendesha baiskeli mpaka kwa Agnella. Akapiga magoti pale mlangoni.

"Injinia, nimekosa. Mimi ndiye mwizi wa risasi." Akasimulia yote, hata yule bibi.

Agnella hakumkaripia. Alivaa glavu, akapitisha kipimo chake cha mionzi kwenye chubwi moja moja.

Kimya.

Akarudia. Kimya.

"Ignas... hizi ni safi. Safi kabisa."

"Si ulisema haufi?"

"Haufi."

"Unahama tu."

Walitazamana. "Alisema walinyimwa kuzaa," Ignas alikumbuka, "na Levina ana mimba!" Wakakimbilia kwenye gari.

Levina walimkuta ukumbini kwake, amekaa mkekani, anapepeta mchele.

"Kaka! Mbona mbio hivyo kama umefukuzwa na kiboko? Ungewahi kidogo ungemkuta bibi wa watu. Mcha Mungu huyo! Ameniombea tumbo, mpaka akalibusu."

Ignas akaishusha taa ya simu. Kwenye kitenge, usawa wa kitovu, palikuwa na doa bichi la kijivu, lenye umbo la mdomo.

Kipimo mkononi mwa Agnella kikaanza chenyewe.

Tk. Tk, tk. Tktktktktk...

Kitenge kiliingia kwenye pipa la njano. Levina aliogeshwa mpaka ngozi ikachubuka, na kipimo kikanyamaza. Dionisi yupo wodini, anakunywa uji kwa mrija. Ignas amefukuzwa kazi, ni haki yake. Ameungama, na padri amemwondolea dhambi. Hata hivyo hujipiga kifua kwa zile siku tatu, husema angesema Jumatatu yule bibi asingeshiba.

Mtoto hajazaliwa bado. Madaktari wanasema moyo unadunda vizuri.

Ila jana Levina alimwita kaka yake kando, akaushika mkono wake, akauweka tumboni.

"Sijamwambia mtu, kaka. Wenzangu wanasema mtoto hupiga teke. Huyu wangu hapigi."

Akanong'ona.

"Anavuma."