Njiti za Kiganja Kimoja

Wengine wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimpata jirani wa shangazi yao, mbali huko. Mimi sina pa kujificha hivyo. Yalimpata kaka yangu Ombeni, tumbo moja, na mimi nilikuwepo tangu moto ulipowashwa.

Kwetu ni Uporoto, juu huko Mbeya ambako mwezi wa sita mtu anaota moto saa sita mchana wala haoni haya. Tunalima viazi na pareto. Shamba letu la pareto liko mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, na pembeni yake kuna kichaka cha miti mikubwa walimozikwa machifu wa zamani. Hakina uzio, hakina kibao. Lakini hakuna anayekata mti pale, na hakuna anayeokota hata tawi lililoanguka lenyewe. Anayetaka kupika shambani anabeba kuni kutoka nyumbani, anapita nazo kando ya miti yote ile huku mgongo unamuuma. Tangu utoto mzigo huo ulikuwa wangu, na sikuupenda hata siku moja.

Ombeni alikuwa akiwabebea mizigo watalii wanaopanda milima yetu. Mmoja wao alipoondoka alimwachia birika. Halikuwa birika kama yetu. Lilikuwa refu, jepesi, lina tundu katikati kuanzia chini mpaka juu kama bomba la moshi. Maji yanakaa pembeni kuzunguka lile tundu, moto unakaa tumboni. Chini yake kuna kisahani cha kuwashia, na ubavuni kuna mdomo wenye kizibo, ambacho lazima ukitoe kabla ya kuchemsha. Unatumbukiza njiti kwa juu, na kabla hujamaliza kukung'uta vikombe maji yameshachemka. Mgeni yule alimsisitizia jambo moja: moto ukiwa ndani, birika lisikauke. Likikauka linatoboka, na halitengenezeki tena.

Jumamosi moja tulitangulia shambani sisi wawili. Mama angetufuata, magoti yake yanamtaka atembee polepole. Nilikuwa nimeshainama kujitwika kuni Ombeni aliponishika bega.

"Ziache hizo. Hili linataka njiti za kiganja kimoja tu. Tutaokota njiani."

Sikubisha. Niliziacha kwa furaha, kusema kweli.

Njiani kila kitu kilikuwa kimelowa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyasi zilidondosha maji kama mvua imepita. Tulifika shambani vidole vimekufa ganzi na hatuna hata njiti moja kavu. Ombeni akaweka begi chini, akaniambia nijaze maji kwenye birika, akapotelea kwenye ukungu. Aliporudi alikuwa na njiti kavu kabisa kwenye kiganja. Niliona alikotokea. Nasema wazi, niliona.

"Ombeni, hizo si za kule?"

"Kule watu hawachukui kuni," alisema. "Hizi ni kuni? Hata panya hajengei."

Nilicheka. Nilikuwa nasikia baridi, na nilitaka chai.

Njiti zilishika moto kwa kiberiti kimoja. Moshi ulitoka juu ya tundu, lakini haukupanda. Ulishuka ubavuni mwa birika, ukagusa ardhi, ukafuata matuta taratibu kuelekea kichakani, kama ng'ombe wanaojua njia ya zizini. Upepo haukuwepo. Maji yalichemka kabla sijafungua pakiti ya majani. Ombeni akaweka kikaango kidogo juu ya tundu, akakaanga mayai mawili kwa moto uliobaki, huku anajisifu. Alikunywa kikombe kizima. Mimi nilikuwa nimefika nusu niliposikia mama anakohoa njiani. Nikamwaga iliyobaki kwenye pareto, nikafuta kikombe kwa kitenge.

Mama alisimama, akanusa hewa.

"Kuni mmetoa wapi?"

"Tumekuja nazo, mama," Ombeni alijibu.

Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshainamia maua. Kisha akajifunga kikapu chake na kuanza kuchuma. Ombeni alilikandamiza birika juu ya kisahani chake chenye majivu, akalisukuma ndani ya begi. Alisema ataliosha nyumbani. Hakuliosha.

Jioni tulikaa jikoni kuzunguka mafiga. Huko kwetu ukiwa nje kwenye baridi kila mtu anatoa mvuke mdomoni, ni kawaida. Ndani, karibu na moto, mvuke unakwisha. Wangu ulikwisha, wa mama ulikwisha. Wa Ombeni uliendelea. Aliomba maji, akanywa kata tatu mfululizo.

Jumatatu yake aliondoka na rafiki yake Fred, dereva wa fuso, kwenda Ubaruku kupakia mpunga. Ubaruku ni joto, watu wanashinda wamevua mashati. Wiki ya tatu Fred alinipigia simu ya video. Hakunisalimia.

"Dada Tusekile, hebu angalia hapa."

Akaigeuza simu. Kaka yangu alikuwa amepiga magoti kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, mikono ndani ya tope, anakunywa kama mnyama. Alipoinua kichwa, mvuke ulimtoka mdomoni na puani. Mweupe, mzito. Jua lilikuwa kali mpaka picha ya simu ilikuwa inapauka.

"Hospitali wamepima kila kitu," Fred alinong'ona. "Hawaoni ugonjwa. Wamemtundikia dripu, imeisha nesi akiwa bado anaandika. Namleta nyumbani."

Alifika amekonda, ngozi imembana, midomo imepasuka. Alikuwa wa moto kwa ndani na wa baridi kwa nje. Mama alimlaza, akamwekea sikio kifuani. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniita kwa mkono na mimi nikaweka sikio langu.

Ndani ya kifua cha kaka yangu maji yalikuwa yanaimba. Ile sauti ya maji yanayokaribia kuchemka. Nimeisikia maisha yangu yote, siwezi kuichanganya na nyingine.

Nikakumbuka begi. Lilikuwa stoo, juu ya magunia ya viazi. Nilichomoa birika kutoka kwenye kisahani chake.

Makaa yalikuwa mekundu.

Wiki tatu zilikuwa zimepita. Begi halikuungua hata uzi. Makaa yalikuwa madogo, ya kujaa kiganja kimoja, yanapumua taratibu.

Nilimweleza mama habari za njiti. Habari za kikombe changu sikumweleza. Nilijiambia nitasema baadaye, kwanza Ombeni apone.

Mama akaenda kumwita Rabson. Rabson ana mashine ya kusaga na ni mzee wa kanisa, na waliolala kwenye kile kichaka ni babu zake. Mambo hayo hapendi kuyazungumza. Alikuja na unga kwenye nyusi, akatazama makaa, akavua kofia.

"Birika lina maji?"

"Halina," nilisema.

"Lijaze. Lijaze sasa hivi."

Nilipomimina maji, Ombeni alivuta pumzi ndefu kitandani, kama mtu aliyekuwa amezama akaibuka. Hapo ndipo nilipoelewa: birika likikauka, naye anakauka.

Tuliondoka palepale, saa nne asubuhi. Fred alimbeba Ombeni kwa pikipiki ya kuazima, sisi tukafuata kwa miguu. Mimi nilibeba birika na dumu la lita ishirini. Njia nzima nilikuwa naongeza maji. Nikitembea hatua mia, limepungua. Nikichelewa, pikipiki mbele inasimama na Fred anapiga kelele kwamba jamaa anakata roho. Dumu lilikuwa limebaki robo tulipofika.

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya pareto. Rabson alitusimamisha kwenye tuta la mwisho, mbele ya miti. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Moto wa humu unarudishwa humu, na maji ya kuuzimia yanatoka nyumbani kwa aliyeuwasha. Kila aliyekunywa ile chai anaingia kwa miguu yake. Anaingia leo. Kesho hakuna kuingia, na mimi siwezi kumwombea mtu baada ya leo. Akiitwa humo ndani, asigeuke."

"Ataitwa na nani?" Fred aliuliza.

Rabson aliitazama miti.

Hapo nikasikia kutoka kwenye miti, karibu sana, kama mtu amekaa nyuma ya shina la kwanza.

"Gwe Tusekile. Njoo umalizie chai yako."

Ilikuwa sauti ya mama. Ni mama peke yake anayeniita hivyo, kwa "gwe", yaani wewe, ya kikwetu. Na mama alikuwa amesimama kulia kwangu, ameuma ncha ya kitenge, mdomo umefumba. Nilimtazama. Hakuwa amesikia. Hakuna aliyesikia.

"Walikunywa wangapi?" Rabson aliuliza.

Nataka kusema nilifikiri. Sikufikiri. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Yeye peke yake."

Ombeni alikuwa ameshikwa na Fred kwapani. Aliinua uso, akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, yanashindwa hata kupepesa. Alijua. Aliniona siku ile na kikombe mkononi. Alinitazama hivyo kwa muda ambao nitaukumbuka mpaka nizikwe.

"Ndiyo," alisema. "Mimi peke yangu."

Akachukua birika kwa mkono mmoja, na dumu kwa mkono wa pili. Akaingia.

Tulisubiri. Mama alikuwa anasali bila sauti. Kutoka kwenye miti ulitokea moshi mwembamba, safari hii ulipanda juu sawasawa. Tukasikia moto ukizimwa kwa maji, ile sauti ya shh. Ilisikika mara moja. Rabson akahesabu kwa kidole, akaonekana kuridhika. Ombeni akatoka anatembea mwenyewe, mikono mitupu, jasho linamtiririka usoni. Mama alimkumbatia akalia. Mimi pia nililia, nikamshika mkono, ulikuwa wa uvuguvugu kama wa mtu yeyote.

Aliinama sikioni kwangu.

"Kulikuwa na vikombe viwili, mdogo wangu," alinong'ona. "Cha pili wamekifunika."

Ombeni amepona. Ananenepa, anacheka, amerudi kwenye fuso. Kuna kitu kimoja tu, na nyumbani tumekubaliana bila kusemezana kwamba hatukioni. Asubuhi za baridi, tunapotoka wote nje kwenda shambani, mvuke unatoka kinywani mwa kila mtu. Kinywani mwake hakitoki kitu.

Mimi niliondoka mwezi wa kumi. Nilisema natafuta maisha, lakini nilikuwa nakimbia ile miti. Nikaja Chunya, nauza chakula kwa wachimbaji wa dhahabu. Nilichagua Chunya kwa sababu ni kukavu, kuna jua na vumbi, hakuna ukungu. Maji huku yanaletwa kwa boza na tunanunua kwa dumu. Sikuliwaza hilo. Nilikuwa nimekunywa nusu kikombe tu, na nusu hiyo, nadhani, ilichukua muda wake.

Ijumaa iliyopita, saa saba mchana, mteja mmoja aliweka kijiko chini akanitazama.

"Mama ntilie, umeanza sigara?"

Nilicheka. Kisha nikaona alichokiona yeye, kikinitoka puani.

Nilijikaza siku chache, kisha nikampigia Rabson, nikamwambia ukweli wote.  Nilikuwa nasikia mashine yake ikisaga.

"Nilikuuliza, Tusekile," alisema. "Nilikuuliza mbele ya mama yako."

Akakata. Nilimpigia Ombeni. Yeye hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko yote. Alisema yuko Iringa na mzigo, anageuza gari, anakuja na mapipa ya maji, nisilale, ninywe tu. Hiyo ilikuwa jana. Leo simu yake haipatikani.

Boza halijafika mtaani kwetu tangu juzi. Wenye madumu wameficha. Nimekunywa maji ya kuoshea vyombo, nimekunywa maji ya kulowekea maharage. Nikiziba masikio kwa viganja nasikia kifua changu kinaimba.

Asubuhi hii nilifungua mlango nikalikuta kizingitini. Birika la Ombeni, refu, jepesi, limesimama wima juu ya kisahani chake. Vumbi la Chunya halifichi unyayo, na kulizunguka hapakuwa na unyayo wowote. Kizibo kilikuwa kimetolewa. Nilichungulia kwenye tundu, makaa yalikuwa yanapumua. Nimelitikisa, halina maji.

Nimebakiwa na kikombe kimoja, kiko hapa mezani mbele yangu. Sijui nikinywe, au nikimimine humo ndani. Mvuke wangu umeanza kupungua.