Plagi Kavu

Mwanamke alikuwa amekufia kwenye kiti cha dereva, uani kwake mwenyewe, mkono bado uko kwenye ufunguo. Kichupa cha dawa ya pumu kilikuwa kimeanguka miguuni pake, kitupu.

"Pumu, afande," alisema mumewe, muuza samani, akijifuta macho yasiyo na tone la chozi. "Ilimbana kabla hata hajawasha gari. Naomba mwili nizike leo leo."

Dada wa marehemu alijitupa mbele ya Inspekta. "Usimwachie mwili! Dada akishafukiwa, yamekwisha. Shemeji huyu namjua mimi."

Inspekta alikuwa amekwishazungumza na jirani, naye alikuwa na lake: stata ya gari ilikuwa imelia, ikalia, mpaka ikachoka.

"Kumbe alijaribu kuwasha," Inspekta alinong'ona. Akamwita fundi wa polisi.

Fundi alifungua plagi za injini, akazinusa. "Kavu. Angepiga stata hivyo petroli ikifika, zingelowa chepechepe. Na tangi limejaa."

Walipounganisha betri nyingine, gari liliwaka papo hapo.

Inspekta alikunja uso. Mafuta yalikuwa yamekatwa, kisha yakarudishwa. Fundi alifuata waya wa pampu ya mafuta, akajiingiza chini ya kiti cha dereva, akatoka na jibu: swichi ndogo ya kuzuia wizi. Ikizimwa, pampu haipati umeme. Stata itazunguka mpaka kesho, lakini injini haionji petroli.

Sasa hivi ilikuwa imewashwa. Walipoipaka unga, ikatoa alama safi za vidole.

Kituoni, muuza samani aliomba chai. Inspekta alimnyima.

"Nani alijua swichi ilipo?"

"Mimi tu. Ni ya wezi."

"Na mkeo?"

"Mwanamke humwambii kila kitu, afande."

"Asubuhi uliizima?"

"Sikumbuki."

"Nani aliiwasha tena?"

Muuza samani aligeukia dirisha.

"Vidole ni vyako. Ulirudi, ukamkuta amekufa, ukapenyeza mkono chini ya maiti ya mkeo ukawasha swichi. Kisha ndipo ukatupigia simu."

Inspekta alikuwa ameona maiti za kila namna na bado akala chakula chake cha mchana. Leo, mbele ya huyu, hakukitaka.

"Alizoea kwenda kwa dada yake bila kuniaga," mtu yule alisema hatimaye, kwa sauti ya aliyeonewa. "Nikasema leo atanyooka. Akapiga simu, anahema. Gari haliwaki, dawa imekwisha, anataka hospitali."

"Ukamwambiaje?"

"Aombe msamaha kwanza."

"Akaomba?"

"Aliomba."

"Halafu?"

"Nikamwambia sijasikia vizuri. Arudie."

Sajini aliyekuwa akiandika maelezo pembeni aliweka kalamu chini. Inspekta alimtazama mtu yule kama uchafu aliokuwa ameukanyaga.

"Chini ya kiti," alisema. "Maneno matatu tu ungemwambia, mshenzi wewe! Alikuwa ameikalia swichi."

Alitoka nje akafungua bomba, akanawa mikono mpaka viwikoni, ingawa hakuwa amemgusa. Dada wa marehemu alikuwa amesimama ukutani, anasubiri.

"Amesema?"

"Amesema." Alitaka kumweleza, akafunga bomba badala yake. "Mwili ni wenu, dada. Mzikeni nyinyi. Yule hatagusa hata mchanga wa kaburi lake."