Upande wa Sukari

Mlango wa kuzunguka wa hospitali ya chuo kikuu ulikwama wakati watu walipokuwa wakiingia kazini. Larysa Bodnarchuk alijikuta amefungiwa katika kipande chake cha kioo, kahawa mkono mmoja, mkoba wa mafaili mkono wa pili. Mbele yake, katika kipande kilichofuata, mwanamume mrefu mwenye koti jekundu la sufi alikuwa amesimama kimya, kiganja kikiwa juu ya kioo, kama mfungwa anayeupima ukuta. Nje, Januari ya Winnipeg ilikuwa ikiwauma watu masikio, na foleni ilikuwa imekwisha kufika barabarani.

Larysa aligonga kioo kwa ufunguo.

"Kaka, mlango huu haujisukumi. Watu wanaganda huko nyuma."

Yule mwanamume hakugeuka. Alivuta pumzi, akaikosa, akaitafuta nyingine.

"Nafanya mazoezi ya kufa, dada. Nikifuzu nitakupisha."

Alipoweza kusogea, wote wawili walitemwa ukumbini pamoja na baridi yao. Larysa alimwambia kwamba wanaume wa mji huu hufa kwa ubishi kabla ugonjwa haujawafikia. Yeye akajibu kwamba hana wasiwasi, kwa sababu skafu ile ya rangi ya haradali aliyoivaa Larysa ilikuwa mbaya kiasi cha kumfufua maiti. Larysa hakutaka kucheka, lakini alicheka mpaka kahawa ikamwagikia glavu.

Muda mfupi baadaye alifungua mlango wa chumba chake cha kazi, akalikuta lile koti jekundu limetundikwa kwenye kiti cha wagonjwa.

Jina lake lilikuwa Halldor Eyolfson. Alikuwa mtengenezaji wa barafu katika ukumbi wa mchezo wa kusukuma mawe yateleze juu ya barafu, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na kwa baba huyohuyo alikuwa amerithi pia ugonjwa unaoyageuza mapafu kuwa kovu, polepole, mpaka pumzi ikose mahali pa kukaa. Daktari Pruden, mkuu wa utafiti, alikuwa akiijaribu dawa mpya ya ugonjwa huo.

Kazi ya Larysa ilikuwa kueleza. Madaktari waliyaandika majaribio yao kwa lugha ya kwao wenyewe, naye aliishusha lugha hiyo mpaka ikatoshea kwenye meza ya jikoni ya mtu wa kawaida. Hakuna mwingine katika idara aliyeiweza kazi hiyo kama yeye. Wagonjwa walitoka chumbani mwake wakijua wanachokikubali na wanachokikataa.

"Vidonge ni vya aina mbili, vimefanana kama mapacha," alimwambia. "Kimoja kina dawa. Cha pili ni sukari tu. Kompyuta ndiyo itakayopiga kura upewe kipi. Wewe hutajua, mimi sitajua, hata Daktari Pruden hatajua mpaka jaribio liishe."

"Kwa hiyo mnaweza kunilisha sukari huku mkinitazama ninavyokwisha."

"Tunaweza. Nawe unaweza kukataa leo, au kujitoa siku yoyote, na hakuna atakayekununia. Matibabu yako ya kawaida yataendelea."

"Na mkijua mnapata hasara gani?"

"Nikijua umepata dawa, nitakutazama kwa jicho la matumaini. Wewe ukiliona jicho hilo, utajisikia nafuu ambayo haipo. Halafu tutakuwa tumewadanganya wote watakaokuja baada yako."

"Basi usinitazame."

"Sikutazami. Nasoma."

Alimweleza na madhara. Kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, na kwa baadhi ya wanaopata dawa yenyewe, ladha ya chuma ulimini, kama mtoto aliyelamba kitasa cha mlango wakati wa baridi kali. Halldor alicheka sana. Alikuwa amewahi kukilamba kitasa hicho, ulimi ukagandia chumani, akaachia hapo kipande chake. Kisha akatia sahihi.

Kanuni ya utafiti ilikuwa wazi: mtumishi hana ruhusa ya kuwa na mapenzi na mgonjwa aliye katika jaribio. Larysa aliijua kanuni hiyo kwa moyo, kwani ndiye aliyewafundisha watumishi wapya. Hata hivyo, Halldor alipompigia simu kuuliza kama kidonge kimezwe kabla ya chakula au baada yake, alimjibu. Alipopiga tena kuuliza kama kimezwe kwa kusimama au kwa kukaa, akamjibu tena. Na alipopiga mara ya tatu bila swali lolote, Larysa hakukata simu, wakaelewana.

Halldor akamwita Haradali. Jumapili alimpeleka kwenye ukumbi wake mtupu, akamwonyesha jinsi anavyorudi nyuma hatua kwa hatua akinyunyizia barafu matone ya maji ya moto, ili yagande yawe vipele vya kuyabeba mawe. Alipofika katikati pumzi ilimwishia, akakaa juu ya ndoo. Larysa akamvua chupa ya maji aliyoibeba mgongoni, akamalizia nusu iliyobaki, naye Halldor akimtukana kutoka kwenye ndoo kwamba ananyunyizia kama anayemwagilia kabichi. Katika karamu ya mwisho wa msimu wa mchezo walikaa meza mbalimbali kama wasiojuana, Larysa akiwa katika gauni la mahameli ya kijani lililomkaa kama gamba la tunda, na Halldor akimtumia ujumbe kwenye simu chini ya meza kwamba akiendelea kuvaa hivyo atamuua kabla ugonjwa haujamuua.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, simu ya Halldor ilimkuta Larysa jikoni.

"Haradali, kijiko changu kina ladha ya kijiko."

"Sema vizuri, mpenzi."

"Kila ninachokula ni kama nimelamba kitasa. Hata keki ya plamu ya dada yangu Signy, ambayo siku zote ina ladha ya godoro."

Larysa alipaswa kumwambia amjulishe daktari, na aishie hapo. Akamwambia hivyo. Lakini alipokata simu aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea jokofu, akalia kwa furaha. Wiki hiyo Halldor alitembezwa kwenye korido, kama ilivyo desturi ya kuwapima wagonjwa wa mapafu, akaenda mbali kidogo kuliko siku aliyokuja.

Ndipo Edmonton ilipoita. Signy, dada yake Halldor, alikuwa amepigania nafasi hiyo kwa muda mrefu: kliniki ya kupandikiza mapafu ilikuwa tayari kumpima kaka yake. Angelazimika kuhamia huko pamoja na mtu wa kumwangalia, na kuliacha jaribio. Signy alikuwa amekwisha kuomba likizo kazini. Aliyebaki kukubali alikuwa Halldor mwenyewe.

Aliliweka jambo hilo mezani kwa Larysa, pirogi, vile vijisambusa vya viazi, zikikaangwa na vitunguu.

"Nieleze wewe. Nikiwauliza wao, naambiwa asilimia."

Larysa aligeuza pirogi ambazo zilikuwa hazijaiva.

"Uko upande wa dawa, Halldor."

"Umeona wapi?"

"Sijaona popote, na siwezi kuona. Lakini ladha ile haiwapati wanaomeza sukari. Na unatembea. Mapafu ya mtu mwingine, mwili hupigana nayo mpaka kufa. Kwa nini uende vitani wakati dawa inakufanyia kazi?"

Halldor alimtazama usoni, akaliona lile jicho la matumaini. Akainuka, akazima jiko, akambusu shingoni kwenye harufu ya vitunguu. Asubuhi yake aliwapigia Edmonton, akawashukuru, akawaambia nafasi hiyo wampe mwingine. Signy hakuzungumza naye mpaka majani ya miti yalipotoka.

Majira ya joto, moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua kaskazini uliufunika mji. Winnipeg nzima ilikohoa, na kikohozi cha Halldor kikajificha katika vikohozi vya wenzake. Larysa alisema ni moshi. Moshi ukaondoka, kikohozi kikabaki. Alisema ni vumbi la mavuno. Halldor akaanza kutembea na mtungi wa oksijeni kwenye kigari, akiuita mke mkubwa, na suruali zake zikahitaji mkanda mpya.

Kisha ikaja habari njema. Kamati iliyokuwa ikilitazama jaribio kutoka nje iliona kwamba dawa inafanya kazi, tena vizuri kiasi kwamba kuendelea kuwanyima wengine ni dhambi. Jaribio likafungwa mapema. Idara ilinunua keki, na Daktari Pruden, mtu asiyecheka ovyo, alimkumbatia Larysa mbele ya watu, akasema hakuna mgonjwa hata mmoja aliyejitoa kwa kutoelewa, na sifa hiyo ni yake.

Kura zikafunguliwa. Wagonjwa waliitwa mmoja mmoja, daktari akisema, Larysa akiwa kando yake, kama utaratibu ulivyotaka.

"Bwana Eyolfson," alisema Daktari Pruden, "ulikuwa upande wa sukari. Pole sana. Kuanzia leo utapewa dawa yenyewe."

Halldor alitabasamu, kama mtu anayengoja mzaha umalizike.

"Itaniondolea hili kovu lililokwisha kuingia?"

"Hapana. Itapunguza kasi ya linalokuja."

"Na ile ladha ya chuma, daktari? Miezi yote ile."

"Hutokea. Mtu akielezwa vizuri atakachokihisi, mwili hutii. Na huyu dada yetu anaeleza vizuri mno," daktari alisema, akimgusa Larysa begani kwa upole. "Hata kutembea vizuri siku moja si ajabu. Ugonjwa huu hupumzika kidogo, halafu huendelea na safari yake."

Larysa hakuweza kuyainua macho yake. Alisikia magurudumu ya kigari yakigeuka, na sauti ya Halldor ikimshukuru daktari kwa heshima. Hakumtaja. Kama angemshtaki palepale, hiyo ingekuwa huruma kwake.

Larysa alimpigia simu siku hiyo na siku zilizofuata. Mwisho ilipokewa, lakini sauti ilikuwa ya Signy.

"Wifi," alisema Signy, ambaye hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Tumewarudia Edmonton, wamemkataa. Amekonda mno na moyo umechoka, upasuaji utamuua mezani. Nilitaka uisikie habari hiyo kabla hujakata keki nyingine."

"Naomba niongee naye."

"Uliichungulia kura, ukaisoma vibaya? Au hukuichungulia kabisa, ukamtungia tu?"

"Sikuichungulia. Naapa."

"Afadhali ungechungulia," Signy alisema, akakata.

Larysa alikwenda kwa Daktari Pruden akamwambia yote. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwomba arudishe kitambulisho chake cha mlangoni. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba alikuwa amemwamini kuliko watumishi wote aliowahi kuwa nao. Larysa alitoka kupitia mlango wa nyuma, ule wa wapishi.

Ziwa lilipoganda, Halldor alimpigia mwenyewe. Alimwambia aje Gimli, mji ulio kando ya ziwa hilo, nyumbani kwa Signy, mchana. Larysa aliendesha gari njia nzima akiwa amejitayarisha. Alivaa gauni la kijani ndani ya koti, kisha akajionea aibu, lakini alikuwa amechelewa kurudi kulibadilisha.

Signy alimfungulia, akavaa buti zake, akatoka nje bila salamu.

Halldor alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, sweta ya sufi ikimpwaya mwilini, mrija wa oksijeni puani. Alizungumza kwa vipande vifupi, akipumzika katikati kama mpanda mlima.

"Umependeza," alisema. "Kaa mbali kidogo nikuone."

Larysa alikaa pale alipoonyeshwa. Alianza kuomba msamaha, naye akamnyamazisha kwa kidole.

"Signy anaamini uliiba siri ya kompyuta. Mimi najua hukuiba. Nina swali moja tu. Siku ile jikoni, uliamini niko upande wa dawa? Au ulitaka nisiende?"

Jibu alikuwa nalo tangu Winnipeg: kwamba aliamini. Lilikuwa jibu zuri, na kwa nusu lilikuwa la kweli. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi akiwatazama usoni watu wanaouliza kama watapona, wala hakuwahi kumpa hata mmoja wao nusu, isipokuwa huyu.

"Niliamini kwa sababu nilitaka usiende," alisema. "Ungekuwa mgonjwa mwingine, ningekwambia nenda. Ladha iwepo isiwepo, ningekwambia nenda."

Halldor alifumba macho. Mashine ya oksijeni iliguna pembeni yake.

"Ungesema hivyo tu," alisema. "Ungesema, Halldor, usiende, nakupenda, sitaki kubaki peke yangu. Ningebaki, Larysa. Ningebaki vilevile. Na leo ningekuwa nakufa kwa hiari yangu, nawe ungekuwa umekaa hapa karibu."

Larysa aliinuka akaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi kama glavu tupu. Halldor aliuacha ushikwe, kisha akauchomoa kuurekebisha mrija, wala hakuurudisha.

"Nakupenda," alisema Larysa.

"Najua. Nami nakupenda, ndiyo maana nimekuita uambiwe na mimi, si na Signy. Usije tena. Hata kuzika usije."

Larysa alibaki akimtazama mpaka alipotambua kwamba Halldor amegeuza uso kuelekea dirishani, na kwamba anangoja. Akafunga vifungo vya koti, akatoka. Uani, Signy alikuwa amekwisha kuikwangua barafu yote iliyokuwa kwenye vioo vya gari la Larysa, mbele na nyuma, ili asikawie kuondoka.