Namba za Tangi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Chiriku alikuwa na kazi moja. Alichota maji kidogo kwenye tangi la shule, akatumbukiza kikaratasi cha kupimia dawa ya kuua vijidudu, akaangalia rangi, kisha akaandika namba kwenye simu ya mwalimu. Programu ya kuhifadhi namba hizo ilitengenezwa na shangazi yake, mfanyakazi wa kampuni kubwa ya programu za kompyuta. Jina la Chiriku alipewa na wenzake, maana mdomo wake haukujua likizo.

Lakini siku hii alikuwa kimya. Kampuni ilikuwa na mkutano wake mkuu wa mwaka, na shangazi alipewa dakika saba jukwaani kuonyesha programu yake. Alikuja na Chiriku ili watu wamwone mpimaji mwenyewe. Ukumbi ulijaa pomoni: maelfu ya watu wenye vitambulisho shingoni, skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, na baridi ya viyoyozi ya kugonganisha meno.

Nyuma ya jukwaa, shangazi alimwonyesha mchoro wa namba za siku arobaini, mstari umenyooka. Akamwambia kwa furaha kwamba hata mwalimu mkuu ameridhika. Kuanzia mapumziko ya leo, shule haitachemsha maji tena. Watoto watakinga tangini na kunywa.

Siku kumi na moja za mwisho Chiriku hakupima kitu! Alikuwa akikimbilia kuruka kamba, anaandika namba ya jana, basi. Nani angejua? Na sasa darasa la kwanza lote lingeyanywa maji yale, mdogo wake akiwemo.

Saa ya jukwaani ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kuelekea zamu ya shangazi. Dakika nne. Akinyamaza, shangazi atapigiwa makofi. Akisema, atamwaibisha mbele ya mabosi wake. Dakika tatu. Akapiga moyo konde, akamvuta mkono.

"Shangazi, namba za mwisho nilizitunga. Sikupima."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Shangazi hakumgombeza. Afadhali angemgombeza, kwa jinsi midomo ilivyomcheza kwa hasira. Alimpigia simu mwalimu mkuu papo hapo, akamwomba mtoto yeyote asinywe mpaka maji yapimwe. Kisha akazifuta siku zile kumi na moja, akapanda jukwaani na mchoro wenye pengo.

Aliwaeleza watu ukweli wote: mpimaji alitunga namba, na programu yake ilizipokea bila kuuliza. Mwishoni makofi yalikuwa machache, na Chiriku alitamani ardhi immeze.

Walipokuwa wanatoka, simu ikaita. Mwalimu mkuu alisema kikaratasi hakikubadilika rangi hata kidogo; dawa ilikuwa imekwisha tangini. Alipowazuia, watoto walikuwa wameshapanga foleni na vikombe mkononi.

Chiriku akaangua kilio. Shangazi alimwacha alie kidogo, halafu akachuchumaa mbele yake.

"Bado nimekukasirikia, mwanangu, na aibu nimeipata," akasema. "Ila ulisema kabla hawajanywa, na kwa hilo nakushukuru. Sasa nisikilize. Mashine inapokea chochote unachoiandikia. Anayekunywa maji ni mtu."