Betri ya Kilo Nne

SAA 12:40 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha gereji, Chang'ombe. Dirisha moja, limezibwa kwa boksi. Katikati ya sakafu palikuwa na mizani ya kupimia magunia ya alizeti, na juu ya mizani alisimama Optatus, fundi, mikono ikinuka grisi.

"Themanini na moja," Bashiri alisoma. "Unakula sana, fundi."

Bashiri ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: uzito. Gari la kazi lilikuwa la spoti, milango miwili, tumbo karibu liguse lami, na kwa wiki nzima alikuwa akilipunguza. Viti vya nyuma vilitolewa. Tairi la akiba likafuata. Jeki, mikeka ya buti, hata spika za mlangoni. Mwisho Optatus aling'oa betri ya zamani, kilo kumi na tisa, akafunga ya lithiamu, kilo nne. Bashiri aliipakata kama kichanga. Kilo kumi na tano kwa mkupuo mmoja, alisema, na siku hiyo alimwita Optatus mdogo wangu.

Mpango ulikuwa mfupi. Nyumba ya tajiri wa vito, Area D. Saa nne na robo tajiri yuko mjini, nyumbani kuna mlinzi mmoja. Loisi, karani wa tajiri, ameshatoa nakala ya ufunguo wa geti la ndani. Bashiri na Optatus wanaingia, fundi anakata sefu kwa grainda, wanatoka na begi la mawe ya kijani. Nikodemo anaendesha. Fundi atakaa sakafuni nyuma, maana viti havipo. Mteja wa Arusha anangoja njia panda, kilomita nane mbele ya Haneti, saa saba na nusu; hilo wanalijua Bashiri na dereva tu. Asipowaona, anaondoka.

Huyu Nikodemo alikuwa amemuoa Emiliana, dada yake Optatus. Yeye ndiye aliyemwingiza shemeji yake kwenye kazi hii, na tangu siku hiyo hakuwa amemtazama mkewe usoni sawasawa.

Optatus alitaka kueleza jambo kuhusu betri. Ni nyepesi, alisema, lakini tumbo lake la kuweka umeme ni dogo. Injini ikizimwa, zimeni kila kitu. Bashiri akajibu kwamba hakuja shule. Simu yake ikaita, ni Loisi, Bashiri akatoka nayo uani.

"Basi nisikilize wewe, shemeji," Optatus alisema. "Ikikaribia kuisha inajizima yenyewe. Inabakiza moto wa kuwashia mara moja tu. Juu yake kuna kitufe. Unabonyeza, unawasha, unaondoka."

"Lakini umeifunga kwenye buti. Na buti linafunguka kwa umeme."

"Ndiyo maana nimepitisha waya wa breki ya baiskeli chini ya zulia, hapo unapoweka kisigino. Uvute, buti litafunguka."

"Umwambie na Bashiri."

"Bashiri anajua kupima, hajui kusikia. Halafu mimi si nitakuwa nyuma yako? Hofu ya nini?"

SAA 4:31 ASUBUHI

Nikodemo alikuwa nje ya ukuta, injini inanguruma kidogo kidogo. Alisikia grainda. Ikanyamaza. Kisha ukasikika mlio mmoja, mkavu.

Bashiri alitoka peke yake, begi kifuani. Akaingia, akafunga mlango.

"Twende."

"Optatus yuko wapi?"

"Twende, nimesema."

"Yule ni shemeji yangu, Bashiri."

Bastola ilimgusa ubavuni. Ilikuwa bado ya moto.

"Nimemfungia geti la ndani," Bashiri alisema. "Polisi lazima wapate mtu, nimewaachia mtu. Na sisi tumepunguza kilo themanini na moja."

Nikodemo alikanyaga mafuta. Gari liliruka kama limefukuzwa. Alimfikiria Optatus ameshika nondo za lile geti, anasikia mlio wa gari aliloliunda kwa mikono yake ukiishia kwa mbali. Alijichukia. Mguu wake haukutoka kwenye mafuta.

SAA 5:40 ASUBUHI

Walipoipita Haneti, Bashiri hakuenda kwenye maficho waliyokubaliana, kwa sababu fundi aliyajua. Alimwelekeza Nikodemo kushoto, nyuma ya mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, mpaka chini ya daraja bovu kwenye korongo la mchanga. Hapo wangengoja muda wa mteja. Injini izimwe, wachungaji wasisikie. Vioo vipandishwe, wasione.

Ndani kukawa tanuri. Bashiri akawasha feni. Akawasha redio ya dashibodi asikie kama wametangazwa. Akachomeka simu zake mbili kwenye chaji.

Nikodemo alimkumbusha kwamba injini imezimwa.

"Betri mpya hiyo," Bashiri alisema, akaongeza feni.

SAA 6:32 MCHANA

Feni ilikata. Redio ikakata katikati ya neno. Nikodemo alizungusha ufunguo: kimya. Si mlio, si taa. Vioo navyo vikagoma kushuka.

Bashiri alimwamuru asukume. Gari chakavu la Chang'ombe lingewaka kwa kusukumwa. Hili lilizama tu mchangani. Akamwamuru basi aangalie betri. Yeye mwenyewe hakutoka. Hakuliacha begi, na hakutaka uso wake uonekane.

Nikodemo alikwenda mbele, akafungua boneti. Betri haikuwa huko, na Bashiri, aliyejua uzito wake mpaka gramu, hakujua ilikofungwa. Boneti lilisimama kati yao. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Nikodemo hakuwa akitazamwa na mtu.

Alitoa simu akampigia Optatus. Hakutegemea ijibiwe.

"Shemeji." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mdomo uliovimba. "Niko kituoni. Simu iko mezani, wanatusikia."

"Wamekupiga?"

"Mlinzi amekufa. Aliyekutwa ndani ni mimi, kwa hiyo muuaji ni mimi."

Nikodemo aliishika pembe ya boneti. Ilimuunguza, hakuiachia.

"Gari limezimika," alisema.

"Kitufe unakijua. Bonyeza uende zako, shemeji. Emiliana abaki na mmoja wetu."

Machozi yalimtoka Nikodemo, na hakuyafuta. Angeweza. Kuvuta waya, kubonyeza, kuwasha. Njia panda dakika saba. Halafu naye angekuwa kilo sabini na mbili za kupunguzwa, zilizopimwa juu ya mizani ileile.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini. "Korongo la pili ukiipita Haneti, kushoto, daraja bovu. Bastola iliyomuua mlinzi iko hapa. Mwenye nayo amekaa kiti cha kushoto."

SAA 6:44 MCHANA

Alifunga boneti akarudi kwenye usukani.

"Vipi?" Bashiri aliuliza. Shati lilikuwa limemganda mwilini.

"Imepata joto. Inataka nusu saa ipoe, itarudi yenyewe."

"Una hakika?"

"Alinifundisha shemeji. Ulikuwa nje na simu."

Bashiri alimkazia macho. Kisha akaegemea, begi mapajani, bastola juu ya begi. Nusu saa, alisema, halafu wangekimbiza gari kufa na kupona.

Chini ya zulia, Nikodemo aliusikia ule waya kwenye kisigino. Alihesabu pumzi zake.

SAA 7:06 MCHANA

Vumbi lilitokea nyuma, kule yaliko mashamba ya mtama. Lilikuwa la magari mawili.

Bashiri aliliona kwenye kioo. Bastola ikapanda mpaka kwenye shingo ya Nikodemo.

"Washa."

Nikodemo alizungusha ufunguo. Kimya.

"Washa, nasema."

Aliuzungusha tena, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka magotini. Kisigino chake kilibaki juu ya waya, kimeukanyaga kwa nguvu zote, usivutwe na mtu.