Uji wa Mama Chupa

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama yake haijaanza kunguruma, Sindano alikuwa ameshafagia chumba, amekinga maji bombani na kuvaa sare ya shule. Wenzake walimpa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa fundi wa kushona. Halikumuudhi. Kilichomkera siku hizo ni bakuli la uji.

"Pitia kwa Mama Chupa," mama yake alimwambia, akilifunika bakuli kwa sahani. "Mguu umemlaza. Msalimie, umuulize ameamkaje."

Mama Chupa alikuwa mwanamke mzee aliyeishi kwa kuokota chupa tupu majalalani. Hakuwa na mume, mtoto wala ndugu aliyejulikana. Alikaa peke yake katika kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, akiuguza kidonda ambacho harufu yake ilikuwa imewafukuza majirani. Kanisani walimwombea kila Jumapili. Kumtembelea ilikuwa habari nyingine.

Siku ya kwanza Sindano aliingia. Harufu ilimpiga usoni, akatoka mbio na kutapika nyuma ya kibanda. Tangu hapo akawa anaweka bakuli nje ya mlango, anagonga bati, kisha anatimua mbio. Akirudi kutoka shule alilikuta tupu, limeng'aa kana kwamba limeoshwa.

"Anaendeleaje?" mama yake aliuliza jioni, pini zikiwa midomoni.

"Hajambo. Anakushukuru."

Hakuona kama huo ni uongo wa kumkosesha mtu usingizi. Uji si unaliwa?

Asubuhi moja, baada ya kugonga na kukimbia, kamba ya kiatu chake ilikatika karibu na mashine. Aliinama kuifunga. Alipoinua macho alimwona mbwa wa mwenye mashine akisukuma sahani kwa pua na kuanza kulamba uji. Alilamba bila haraka, kama aliyezoea.

Sindano aligeuka. Alirudi, akausukuma mlango.

Mama Chupa alikuwa amelala juu ya magunia, midomo imekauka na kupasuka. Nzi walikuwa wamejaa kwenye kitambaa alichofungia mguu. Dumu la maji lilikuwa limeanguka mbali na mkono wake.

"Maji," alinong'ona.

Sindano alikimbilia bombani, akarudi, akamwinua kichwa na kumnywesha kidogo kidogo. Kisha akakimbia nyumbani akilia.

Mama yake aliacha gauni la watu chini ya sindano ya cherehani. Mwenye mashine aliitwa akaleta mkokoteni, kitambaa amejifunga puani, na wakamkimbiza mgonjwa hospitalini. Daktari alipomaliza kumpima alimvuta fundi pembeni, lakini Sindano alisikia.

"Mngemleta wiki iliyopita, mguu ungepona. Sasa tuukate, la sivyo tutampoteza."

Jioni hiyo Sindano alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio la cherehani bila kulisogeza.

"Utamwambia mwenyewe," alisema hatimaye.

Mguu ulikatwa. Mgonjwa alipopata fahamu vizuri, walikwenda wodini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Sindano alisema aliyokuja kusema, macho yakiwa sakafuni. Mama Chupa alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa nasikia miguu yako ikikimbia," alisema. "Nikiita, sauti haitoki. Kila siku nikajiambia, labda kesho ataingia."

Hakumgombeza. Wala hakusema si kitu. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, maana hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Sindano alilowesha kitambaa, akamfuta uso, shingo, kisha mikono, kidole kimoja kimoja. Harufu ya kidonda bado ilikuwapo. Alimlisha chakula chote, akiketi palepale kitandani.

Alikwenda tena kesho yake, na siku zote zilizofuata. Mama Chupa aliporuhusiwa kutoka, hakurudishwa kwenye kibanda. Fundi alisogeza meza ya kukatia vitambaa, akamtandikia godoro kwenye kona.

Usiku wa kwanza, mgonjwa alipokwisha kusinzia, Sindano alimuuliza mama yake kama kosa hilo litasamehewa.

"Mungu anasamehe, mwanangu, lakini ule mguu haurudi," mama yake alijibu. "Na kosa si lako peke yako. Mimi nilikutuma wewe ili nisiende mwenyewe, nikisingizia kazi. Yesu hakuwaachia wagonjwa chakula mlangoni. Aliingia walimolala, akawashika mkono. Sisi tulimpenda huyu mama kwa mbali, akakaribia kufa huku tukijiona wema. Ukitaka kumpenda mtu ambaye wengine hawamwoni, ingia kwanza alimolala, umwone."

Kisha akampa blanketi, na Sindano akaenda kumfunika Mama Chupa.