Bakuli la Hina ya Anjeshni

Maiti ya Anjeshni ilikutwa kitandani alfajiri ya siku ya harusi yake. Uso umefura, mikononi malengelenge yamefuata kila ua la hina.

"Koo limevimba likaziba," daktari wa polisi wa mji wa Labasa alimwambia Inspekta Litia Naulivou. "Mzio mkali. Mkemia atathibitisha, lakini hina ya majani haifanyi hivi. Humu mtu ametia unga mweusi wa rangi ya nywele, ule wa piko."

Uani, ndugu wa Ritesh, bwana harusi, walikuwa wamemzingira Sumintra, aliyempaka marehemu hina, wakimwita muuaji. Inspekta alimchomoa, akamketisha garini.

"Ulichanganya nini?"

"Majani, ndimu na sukari. Sijawahi kutia kingine, afande."

"Wapi?"

"Kwangu. Juzi nikaleta bakuli hapa lilale jikoni, rangi itoke. Jana nikalikuta jeusi. Mjinga mimi, nikajisifu kwamba majani ya safari hii ni makali."

"Iliyobaki ilikwenda wapi?"

"Wasichana waliigombania. Asiyeolewa hutaka tone la hina ya bibi harusi, naye apate mume upesi. Sasa wote wanajikuna."

"Wote?"

Sumintra alifikiri. "Dada yake hakupaka. Nikamtania, 'Praneeta, wewe mkubwa ndiye mwenye shida, njoo.' Akasema ana vyombo vya kuosha."

Inspekta alizungumza kwanza na mama wa marehemu, kisha akaingia jikoni. Praneeta alikuwa akikoroga chai ya waombolezaji. Mikono yake haikuwa na doa.

"Mdogo wako aliwahi kudhurika na rangi ya nywele?"

"Sijui."

"Mama yenu anasema alipakwa utotoni, akavimba, akalazwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpepea."

Kijiko kilisimama.

"Jana jioni hina ilipomwasha, nani alimwambia avumilie?"

"Bibi harusi yeyote huambiwa hivyo. Ikikolea, mama mkwe atampenda."

"Nani, Praneeta?"

"Mimi."

"Na unga?"

Praneeta aliketi sakafuni.

"Nilitaka mikono iharibike tu, harusi ivunjike. Sikutaka afe."

"Kisa?"

"Akina Ritesh walikuja kunitazama mimi. Mimi ndiye niliyewapelekea chai. Anjeshni alinifuata nyuma na sahani ya biskuti, basi. Mama yake Ritesh akamshika mkono, akasema, 'Tazama vidole hivi.' Chai yangu hakuionja. Jibu lilipokuja, likaja na jina lake. Halafu mimi nikaambiwa nimshonee blauzi ya harusi."

"Ukamshonea?"

"Ikamkaa vizuri."

Inspekta alitoa pingu. Praneeta alinyoosha mikono kabla hajaambiwa.

Sauti ya mama yao ilitoka chumbani, imekauka kwa kulia.

"Praneeta, mwanangu, njoo unisaidie kumvika mdogo wako bangili. Mikono imefura, haziingii."